Alichokifanya David Ross Siku Asizocheza

Msimu wa 2015 David Ross alipiga wastani wa .176. Kwa asiyefuatilia besiboli, hayo ni mapigo ya maana yasiyofika mawili kwa kila majaribio kumi, na katika ligi kuu ya Marekani hicho ni kiwango cha kumfungashia virago mchezaji wa miaka 38. Chicago Cubs walimbakiza. Mkataba wake wa dola milioni 5 kwa miaka miwili ulikuwa bado una mwaka mmoja, lakini klabu za kule haziogopi kumlipa mtu pesa zake na kumwambia kwaheri. Ross hakuambiwa kwaheri. Mwaka uliofuata alicheza michezo 67 kati ya 162, na ulipokwisha, wenzake walimbeba mabegani uwanjani.

Kila anapotajwa, watu husifu moyo wake: mcheshi, mkarimu, babu wa timu. Mapema mwaka 2016 wenzake Anthony Rizzo na Kris Bryant walimfungulia ukurasa wa Instagram kwa jina la Babu Rossy, na mji mzima ukamwita hivyo. Sifa hizo ni za kweli, ila mimi naona zinaifunika kazi yenyewe. Ross alikuwa fundi. Alibakizwa kwa sababu ya vitu alivyovijua na alivyoweza kuwapa wengine, na vitu hivyo vinaelezeka. Mimi nimekulia kwenye soka, mchezo huu nimeukuta ukubwani hapa Chicago, nikaujua kwanza kwa masikio, kwenye redio, sauti ya Pat Hughes ikitangaza michezo ya Cubs wakati sisi wa zamu ya jioni tukikunja mashuka ya hospitali. Labda ndiyo maana nilimpenda mdakaji kabla ya mtu mwingine yeyote. Redioni jina lake halipumziki.

Mdakaji ni yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, uso ndani ya kinyago cha chuma, kinga kifuani na miguuni, glovu nene mkononi. Wachezaji wenzake wanane wanamtazama yeye, na yeye peke yake anauona uwanja wote mbele yake. Miaka ile, kabla ya vifaa vya kielektroniki kuruhusiwa mwaka 2022, kila mpira ulianza na vidole vyake: aliviteremsha katikati ya mapaja kumwonyesha mrushaji arushe upi, wa kasi, wa kupinda au wa kupunguza mwendo, na aupeleke wapi. Karibu mara 150 kwa mchezo mmoja. Kila mara anapaswa kukumbuka mpigaji huyu jana alidanganyika na nini, mrushaji wangu leo mkono wake unakubali nini, mwamuzi wa leo ni mkali upande upi. Akiisha kuudaka, anautuliza mpira ndani ya glovu ili mwamuzi auone umepita eneo halali. Na mwanya ukitokea, mkimbiaji akitaka kuiba besi ya pili, yaani kukimbilia kituo kinachofuata kabla mpira haujapigwa, anatakiwa asimame na kutupa umbali wa karibu mita 39 kwa chini ya sekunde mbili.

Magoti hayawezi kuifanya kazi hiyo kila siku kwa miezi sita. Ndiyo maana kila timu ina mdakaji wa akiba, na hapo ndipo anapotofautiana na kipa namba mbili tuliyemzoea, ambaye anaweza kumaliza msimu mzima na jezi isiyo na tope. Mdakaji wa akiba hucheza, labda mara moja au mbili kwa wiki, na siku nyingine zote anatakiwa ajue kila kitu anachokijua mdakaji namba moja, maana anaweza kuitwa wakati wowote. Wengi huichukulia nafasi hiyo kama adhabu. Ross aliifanya taaluma.

Haikuwa njia fupi. Alizaliwa Bainbridge, Georgia, mwaka 1977, akakulia Tallahassee, Florida, akaingia ligi kuu na Los Angeles Dodgers mwaka 2002. Akapita Pittsburgh, San Diego, Cincinnati. Mwaka 2006 akiwa na Cincinnati Reds alipiga mpira kuvuka uzio mara 21, ikaonekana amefika, awe namba moja. Agosti 2008 Reds wakamwachia. Boston Red Sox wakamchukua kwa wiki za mwisho za msimu ule, kwenye benchi la timu ambayo nahodha wake, Jason Varitek, alikuwa mdakaji. Kisha miaka minne Atlanta nyuma ya Brian McCann, mdakaji wa kikosi cha nyota. Miaka minne ya kujua kwamba ukifanya vizuri sana leo, kesho utakaa. Nadhani ni Atlanta alikojengeka. Pale alikuwa na nguvu bado, pigo lake bado lilikuwa na uzito, timu kadhaa zingempa kazi zaidi, lakini akawa mdakaji wa akiba anayetajwa kuwa bora kuliko wote kwenye ligi.

Mwaka 2013 alirudi Boston. Mipira inayoparua gongo na kumpiga mdakaji usoni ilimtikisa ubongo, akawekwa nje kwa muda mrefu, na kwa mtu wa miaka 36 wengi huachia hapo. Alirudi. Kwenye fainali, World Series dhidi ya St. Louis Cardinals, kocha alimwamini yeye kwa michezo ya mwisho. Mchezo wa tano, awamu ya 7 kati ya 9, dhidi ya mrushaji Adam Wainwright, akapiga pigo la besi mbili, la kumfikisha mpigaji besi ya pili, lililoipa Boston uongozi. Mrushaji wa Boston usiku ule alikuwa Jon Lester. Hilo jina ndilo linalotuleta Chicago.

Desemba 2014 Cubs walimsajili Lester kwa dola milioni 155, miaka sita. Siku chache baadaye wakamsajili Ross. Lester alikuwa mrushaji mkubwa mwenye tatizo moja ambalo ligi nzima ililijua: hakuweza kutupa mpira kwenda besi ya kwanza. Mtu anayerusha kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa na kugonga upana wa kiganja, ukimwambia ageuke amtupie mwenzake aliye karibu, mkono ulimkatalia. Alikaa zaidi ya mwaka bila kujaribu hata mara moja. Mrushaji asiyetupa besi ya kwanza hawezi kumtisha mkimbiaji, na mkimbiaji asiyetishwa huiba. Septemba 30, 2014, Lester akiwa na Oakland, Kansas City Royals waliwaibia besi 7 katika mchezo mmoja wa mtoano, Oakland wakatolewa.

Sasa tazama Ross alivyolishughulikia. Hakumwambia Lester ajirekebishe. Alilichukua tatizo akalifanya la kwake. Mkimbiaji alipojivuta mbali na besi akijua Lester hatageuka, Ross aliudaka mpira na papo hapo, mara nyingine akiwa bado amepiga magoti, akautupa mwenyewe besi ya kwanza, ambako Rizzo alikuwa ameshamnyatia mkimbiaji kwa nyuma. Tishio lililopaswa kutoka kwa mrushaji likawa linatoka nyuma ya mpigaji. Mkimbiaji anayeogopa mkono wa Ross hajivuti sana, na asiyejivuta sana hafiki besi ya pili salama. Oktoba 7, 2016, mchezo wa kwanza wa mtoano dhidi ya San Francisco Giants, Gorkys Hernández alifika besi ya kwanza awamu ya kwanza tu, akajaribu kuiba, Ross akamkamata. Awamu ya 3 Conor Gillaspie alijivuta mbali kidogo, Ross akamnasa. Cubs walishinda 1–0. Katika mchezo wa bao moja, wakimbiaji wawili waliofutwa ni mali nyingi, na zote ziliingia kwenye hesabu za Lester, aliyekuwa amemaliza msimu wa kawaida na ushindi 19 na vipigo 5. Siamini kuna takwimu iliyomlipa Ross haki yake kwa hilo.

Mwaka 2016 ulikuwa wa mwisho kabla warushaji wa akiba hawajahamishiwa chini ya majukwaa pale Wrigley Field. Walikuwa bado wanajipasha pembeni mwa uwanja, mbele ya mashabiki, na ukipata kiti upande ule uliwaona kwa karibu. Nilipata kiti hicho siku moja ya joto, Lester akijiandaa kuanza. Nilichokitazama ni Ross. Baada ya mipira michache alisimama, akaufuta mpira kwa viganja viwili, akatembea hadi kwa Lester badala ya kuutupa. Akafunika mdomo kwa glovu, akasema neno, Lester akatikisa kichwa. Akarudi akachuchumaa, mara hii glovu ikiwa chini zaidi, karibu iguse udongo, na Lester akaigonga pale pale. Ross akaisogeza upana wa mpira mmoja kuelekea nje. Lester akaigonga tena. Akaisogeza tena, hadi Lester alipokosa, na hapo akaacha. Alikuwa anapima mpaka wa mkono wa Lester kwa siku ile, ili baadaye mchezo ukiwa mgumu asije akamwomba kitu ambacho mkono haukuwa nacho. Jukwaani watu walikuwa wananunua bia na kutafuta viti vyao. Mimi nilisahau nimekuja kuangalia mchezo, niliridhika na hilo tu.

Aprili ya mwaka huo huo, Cincinnati, mrushaji wa Cubs Jake Arrieta aliwanyima Reds hata pigo moja, 16–0. Aliyemdakia ni Ross, ilikuwa mara yake ya kwanza kudaka mchezo wa namna hiyo, na akapiga mpira kuvuka uzio juu yake, katika uwanja wa timu iliyomwachia miaka minane kabla. Mwezi wa tano akapiga mpira wa 100 wa maisha yake kuvuka uzio. Alikuwa ameshatangaza kwamba huo ni msimu wake wa mwisho.

Kisha Juni akaja Willson Contreras.

Kijana wa Puerto Cabello, Venezuela, miaka 24, mkono wa ajabu, miguu ya mkimbiaji. Mpira wa kwanza kabisa aliorushiwa kwenye ligi kuu aliupiga ukavuka uzio. Alikuwa ameanza kudaka akiwa tayari kwenye ligi ndogo. Mwanzo alicheza besi ya tatu. Kwa hiyo alikuwa na kila kitu ambacho mwili unaweza kukupa, na upungufu mkubwa wa kile ambacho ni miaka tu inayokupa. Klabu ikawa na wadakaji watatu: Miguel Montero mwenye jina, Ross anayestaafu, na kijana ambaye kila mtu alijua kiti ni chake. Kazi ya Ross ikawa kumfundisha mtu anayekuja kuchukua nafasi. Katika kazi nyingi nilizowahi kuziona, hapo ndipo mkongwe huanza kuficha funguo. Anakuonyesha mashine inavyowashwa, hakuonyeshi inavyokwama. Ross alikuwa anakaa karibu na Contreras benchini kati ya awamu na awamu, wakizungumza juu ya mpigaji aliyetoka na anayekuja, kwa nini huyu apewe mpira wa kupinda mapema na yule ucheleweshwe. Alikuwa hana cha kuficha kwa sababu alishaamua kuondoka, labda. Lakini Atlanta hakuwa anaondoka, na alikuwa hivyo hivyo.

Mchezo wa saba wa World Series, Novemba 2, 2016, Cleveland. Cubs hawakuwa wametwaa ubingwa tangu 1908. Contreras ndiye aliyeanza, akimdakia Kyle Hendricks, na awamu ya 4 kijana akapiga pigo la besi mbili lililoleta bao. Awamu ya 5, Cubs wakiongoza 5–1, wapigaji wawili wa Cleveland wameshatoka, Hendricks akampa Carlos Santana besi ya kwanza bure kwa mipira minne mibaya. Kocha Joe Maddon akamtoa Hendricks, akamwita Lester. Na Lester alikuja na Ross, kama ilivyokuwa desturi. Contreras akatoka.

Mimi mpaka leo naona Hendricks alitolewa mapema. Alikuwa anarusha vizuri, na Lester hakuzoea kuingia katikati ya mchezo na mkimbiaji akiwa besi, hali ile ile inayofichua tatizo lake. Nimelijadili hili na watu wengi hapa mjini, wengine wanakubali, wengine hawataki kulisikia kwa sababu mwisho ulikuwa mzuri.

Kilichofuata kilikuwa cha kuumiza. Jason Kipnis aligusa mpira dhaifu ukajikokota mbele ya mdakaji. Ross, miaka 39, miguu ikiwa baridi kwa kukaa, akaruka, akauokota, akautupa kwa haraka, ukampita Rizzo. Wakimbiaji wakawa besi ya pili na ya tatu. Kisha mpira wa Lester ukadunda chini, ukamgonga Ross kwenye kinyago, kichwani pale pale palipomtoa Boston miezi ile, akaanguka chali. Kabla hajaupata mpira, wote wawili walikuwa wameshaingia. 5–3. Sisi tuliokuwa tunatazama tulinyamaza. Niliwaza jambo moja: huu ndio mchezo wa mwisho wa mtu huyu, na hivi ndivyo atakavyokumbukwa.

Alisimama. Akaenda kwa Lester. Francisco Lindor akakosa straiki ya tatu, awamu ikaisha.

Awamu ya 6 Ross alisimama kupiga dhidi ya Andrew Miller, mrushaji ambaye mwezi ule hakuna aliyekuwa anamgusa, na akaupiga mpira juu ya uzio wa katikati. 6–3. Hajawahi kutokea mchezaji mwenye umri mkubwa kuliko yeye kufanya hivyo katika mchezo wa saba wa World Series. Watu wanakumbuka pigo hilo, na nami nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Ila ninachokithamini zaidi ni awamu zilizofuata: Lester alirusha hadi awamu ya 8 bila kuruhusu bao jingine hadi anatolewa akiwa na mkimbiaji mmoja besini, na kila mpira ulitoka kwenye vidole vya mtu aliyekuwa ametoka kuharibu mbele ya ulimwengu. Mrushaji huuona uso wa mdakaji wake kupitia nondo za kinyago. Angeona woga, naye angeogopa.

Cleveland walisawazisha 6–6 kwa pigo la Rajai Davis dhidi ya Aroldis Chapman, mrushaji aliyempokea Lester. Awamu ya 9 Ross alipewa besi ya kwanza bure, akatolewa, Chris Coghlan akaingia kukimbia badala yake. Huo ukawa mwisho wake. Mvua ikasimamisha mchezo dakika 17, na awamu ya 10 Ben Zobrist akaleta bao la kuongoza, Montero, aliyeingia kudaka baada ya Ross, akaleta la nane. 8–7. Wadakaji watatu, kila mmoja alileta bao katika mchezo ule mmoja. Kwa mtu anayeijali nafasi hii kama mimi, hiyo ni zawadi.

Baada ya Ross kuondoka ndipo alichokuwa anakifanya kilipoonekana. Juni 2017 Washington Nationals waliiba besi 7 mbele ya Arrieta na Montero. Baada ya mchezo Montero aliwaambia waandishi kwamba kosa ni la Arrieta, anachelewa kurusha. Kiufundi alikuwa na hoja. Siku iliyofuata klabu ikamwondoa. Ross alikuwa na mrushaji mwenye tatizo kubwa kuliko hilo kwa miaka miwili hapo Chicago, na sikumsikia hata siku moja akimsingizia hadharani.

Contreras alikuja kuwa nyota, na Oktoba 2019 Ross mwenyewe akarudi kama kocha mkuu wa Cubs, akamwongoza hadi 2022. Kisha kijana, si kijana tena, akasajiliwa na Cardinals kuziba pengo la Yadier Molina. Mei 2023, wiki chache tu za msimu, Cardinals wakamsimamisha kudaka kwa muda kwa sababu warushaji hawakuelewana naye. Gongo lake halikuwa na shida. Mkono haukuwa na shida. Kilichokosekana ni kuaminiana kule kunakojengwa pembeni mwa uwanja kabla ya mchezo, na kilimgharimu mdakaji aliyekwenda mara tatu kwenye mchezo wa nyota. Nilimhurumia, maana Molina alikaa na wale warushaji miaka karibu ishirini na hakuna anayeweza kurithi hilo kwa mwezi mmoja.

Nawaza haya ninapomtazama Dennis Kasumba wa Uganda, mdakaji ambaye video zake za mazoezi, akichuchumaa na matairi ya gari, zilienea hadi mwaka 2023 akaja kucheza ligi ya vijana Marekani na Frederick Keys. Mchezo huu una mizizi Uganda kuliko wengi wetu tunavyojua: timu ya watoto ya Lugazi ilifika Williamsport, Marekani, kwenye fainali za dunia za besiboli ya watoto, mwaka 2012, ya kwanza kutoka Afrika. Kasumba amejijenga mwili kwa bidii inayotisha, magoti na mikono, peke yake, kwa vifaa vya kuokoteza. Lakini hakuna tairi litakalomwambia kwa nini mpigaji huyu apewe mpira wa kupinda mapema. Hilo anahitaji kuketi nalo benchini, karibu na mtu aliyedaka miaka kumi na tano na hana haja tena ya kile kiti. Wadakaji wastaafu wako wengi Marekani, na wengi wao wanatafuta kazi ya kufanya. Wakampala ni wakarimu. Ningependa sana kuona mmoja wao akipelekwa kule kwa msimu mzima, awape vijana kile ambacho Contreras alipewa mwaka 2016.